Mwalimu Aliyetusimamisha kwa Herufi Kubwa

Katika darasa lake hakuna aliyesoma Kiingereza akiwa ameketi tangu mwanzo hadi mwisho. Ukifika penye herufi kubwa ulisimama, ukalisoma neno lile ukiwa wima, kisha ukaketi na kuendelea na yaliyobaki. Aya ya mistari sita yenye majina ya watu na mito ilitutoa jasho kama kipindi cha michezo. Siku moja mwalimu wa darasa la jirani alisikia madawati yakigongana, akaja mbio mlangoni kuuliza kama tumeingiliwa na nyoka.

"Hapana," alijibiwa na Mwalimu wetu, ambaye hakugeuka hata kumtazama. "Tumefika River Gucha."

Namwita Mwalimu kwa sababu hivyo ndivyo anavyoitwa na kila mtu wa upande wetu wa Ikonge. Mama yangu, ambaye hakuwahi kukaa darasani mwake hata siku moja, humwita Mwalimu. Karani anayepima majani chai humwita Mwalimu, na humwomba radhi mizani ikichelewa kutulia. Ni mjane mrefu, mwembamba, aliyestaafu zamani, na kalamu nyekundu haikosi kwenye kilemba chake. Ameichomeka juu ya sikio la kulia, na asipoitumia nadhani huitoa akilala tu, ingawa sina hakika.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Watu wa kwetu wangeanzia huko, lakini mimi sijui vizuri, na nimeshamkosea vya kutosha bila kuongeza makosa ya kubahatisha.

Kila sheria ya herufi kubwa aliifunga ndani ya maneno ambayo huwezi kuyasahau hata ukitaka. Neno river peke yake ni mto wowote tu, alituambia. "Ukizama katika mto wowote, nani atajua pa kukutafuta? Lakini River Gucha una jina. Ukizama humo, watu wana pa kuanzia." Siku za wiki husimama na miezi husimama, kwa kuwa zina majina na mtu anaweza kukuahidi Jumatatu au Aprili. Msimu wa mvua hausimami. "Huo siku hizi haujui wenyewe utakuja lini. Atausimamia nani?"

Kuhusu mama alisema hivi: ukimtaja tu, kwamba my mother amekwenda kuchuma chai, andika herufi ndogo, ukimwita, Mother, njoo uone, andika kubwa. "Ukimsema ni mdogo, ukimwita ni mkubwa. Kwa hivyo nendeni mkawaite mama zenu." Jioni ile nilimwita mama mara nyingi hata akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Neno I, yaani "mimi" ya Kiingereza, ambayo huandikwa kwa herufi kubwa popote ilipo, hakulipenda. Alitutaka tusimame upesi na kuketi upesi. "Waingereza walijipendelea hapo," alisema. "Lakini itazameni vizuri. Imesimama peke yake, haina hata herufi ya kuegemea. Anayesema I ajue hivyo kabla hajafungua mdomo."

Kisa cha Shetani sikukiona kwa macho. Nilisimuliwa na Bosibori, binti wa jirani yetu, aliyekuwa madarasa mawili nyuma yangu. Walikuwa wakisoma habari fulani ya kidini, zamu ikawa yake, akafika penye jina la Satan. Akabaki ameketi.

"Mbona husimami?" Mwalimu akamuuliza.

"Mwalimu, mimi nimeokoka. Huyu siwezi kumsimamia."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akangoja kiishe.

"Ana jina ama hana?"

"Analo."

"Basi simama. Herufi kubwa si zawadi ya tabia njema. Ni kusema tu kwamba ni huyu, si mwingine."

Bosibori akasimama akiwa amefumba macho, akalisoma jina la Shetani gizani, akaketi. Mpaka leo akikisimulia kisa hicho hukiigiza chote, pamoja na kufumba macho.

Alikuwa mkali, lakini ukali wake haukuwa wa kiboko. Kosa la kwanza lilizungushiwa duara jekundu. La pili uliitwa mbele ukaulizwa kwa sauti ya chini, "Umemnyima jina kwa sababu gani?" kama kwamba uliyemwandika kwa herufi ndogo yuko nje analia. Nilikuwa mtoto wa wasiwasi hata wakati ule. Nilikuwa nikienda nyumbani nikiwaza watu wote niliowanyima majina wiki hiyo, mji wa Kisumu, mwezi wa Juni, mjomba fulani wa kwenye kitabu, na nilikuwa nikiwaomba msamaha mmoja mmoja kabla ya kula.

Kanisani siku ya Sabato huketi mstari wa tatu. Mahubiri yakianza huchomoa kalamu, hutandaza karatasi ya matangazo magotini, huisahihisha, na ibada ikiisha humpa mzee wa kanisa mlangoni kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Mzee huipokea kwa mikono miwili. Wiki inayofuata makosa ni yale yale.

Hawezi kuvumilia maandishi yaliyo ya herufi kubwa tupu. Nilienda naye Kebirigo siku ya soko, akasimama mbele ya ukuta wenye mabango ya mikutano ya injili, ya dawa ya panya na ya mtu anayenunua nywele. "Wote wamesimama," akasema kwa huzuni. "Wakisimama wote, hakuna anayeonekana." Halafu akanunua ndizi mbivu, akabishana na mwuzaji mpaka akapewa moja zaidi, na ile moja akamrudishia mtoto wa mwuzaji.

Ndivyo alivyo. Atakuzuia kutupa kipande cha chaki cha ukubwa wa punje ya mahindi, halafu atampa mgeni asiyemjua chakula chake chote na kulala na chai tu. Husema simu ni kifaa cha watu wasio na la kusema, lakini ukimtumia ujumbe atakujibu, baada ya siku mbili, kwa barua kamili yenye tarehe, salamu, aya tatu na jina lake mwishoni, herufi kubwa zote zikiwa mahali pake. Nilipokuwa chuo kikuu Nairobi nilikuwa nikizipokea nikiwa kwenye foleni ya chakula. Nilizisoma zote. Nilizijibu chache, na zile nilizojibu niliziandika mara tano tano nikizifuta, kwa sababu kila sentensi ilikuwa na kitu kimoja ambacho haikisemi.

Kitu hicho ni barua nyingine, na sasa sina budi kuieleza.

Mwalimu aliyetufundisha sheria zile zote, yeye mwenyewe alikuwa akizivunja. Si darasani. Alizivunja katika barua za mapendekezo. Mtu wa kwetu akitafuta kazi, au nafasi ya chuo, au wafadhili, alikuwa akipanda kwake na karatasi za fulskepu, naye alikuwa akimwandikia kwa mkono, kurasa tatu, hata nne. Na katika kurasa hizo herufi kubwa zilichipuka kila mahali. Kila alichokiheshimu alikisimamisha. Msichana alikuwa Girl kwa herufi kubwa. Mjane, Widow. Maji yaliyobebwa kutoka mtoni, Water. Mwaminifu, Honest. Ng'ombe aliyeuzwa ili mtu asome, Cow, na ng'ombe huyo alipewa nusu ukurasa.

Nilimaliza kidato cha nne na alama nzuri, na nikaitwa na kikundi cha wafadhili kilichokuwa kikiwasaili wanafunzi mjini Kisii. Walitaka barua ya mwalimu anayekufahamu kwa miaka mingi. Mwalimu aliniandikia kurasa tatu. Alinikabidhi akiwa amevaa gambuti na aproni ya nailoni ya kuchumia chai, vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu, na barua haikuwa na doa hata moja. Aliniambia, "Nenda, wataona."

Niliifungua mjini, ndani ya saiba, duka la kompyuta za kukodi. Nilihesabu herufi kubwa zisizostahili, zikafika arobaini na moja. Nikahesabu tena, nikapata arobaini na tatu, na ile tofauti ikanitia hofu zaidi, kana kwamba zilikuwa zikizaana mle kwenye karatasi. Nikawaza amezeeka. Nikawaza amesahau alichotufundisha. Nikawaza watu wale, wenye magari na miwani, wakiona hii watasema kama mwalimu wake anaandika hivi, yeye je? Sikuwaza jambo moja ambalo ningepaswa kuliwaza, kwamba huenda mtu yule alijua anachofanya.

Nikamlipa kijana wa saiba, nikakaa kwenye kompyuta, nikajiandikia barua mimi mwenyewe. Nusu ukurasa. Safi. Kila herufi mahali pake, kama alivyonifundisha. Mwishoni nikaweka jina lake, na sahihi yake nikaiiga baada ya kuifanyia mazoezi nyuma ya kalenda ya zamani niliyoiokota mezani. Zile kurasa tatu nikazitia ndani ya bahasha ya plastiki pamoja na cheti changu cha kuzaliwa.

Nilichaguliwa. Niliporudi kumwambia aliacha kuchuma, akanishika mikono yote miwili.

"Barua ilisaidia?"

Nilikuwa na sekunde kama mbili. Nimezirudia sekunde hizo miaka sita, na ndani yake sasa naweza kusema mambo mengi mazuri. Siku ile nilisema, "Ilisaidia sana, Mwalimu."

Habari ikasambaa kwamba barua ya Mwalimu imempeleka binti wa watu chuo kikuu. Waliokuwa hawamwendei wakaanza kumwendea. Mama yangu mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwatuma. "Nendeni kwa Mwalimu," aliwaambia wanawake wenzake kwenye kituo cha majani chai, "huyo kalamu yake ina baraka." Na mimi nikiwa likizoni niliwaona wakishuka kutoka kwake, bahasha zikiwa zimeshikwa kwa vidole viwili ili zisichafuke, na nilikuwa nikiingia ndani na kujifanya natafuta kitu.

Mwaka wangu wa pili chuoni, likizo ya Aprili, Bosibori alikuja nyumbani akiwa na bahasha yake. Wafadhili walikuwa wale wale. Alama zake zilikuwa chini ya zangu kidogo tu.

"Dada Moraa," akaniambia, "wewe ndiye ulipita na yake. Hebu niangalizie kama iko sawa."

Nikaifungua. Daughter of a Widow. Water. Firewood. Tea. Zote zimesimama. Ukurasa wa pili kulikuwa na ile habari ya Shetani, imeandikwa vizuri mno, na mwisho wake Mwalimu amesema kwamba Msichana huyu hata akiogopa husimama.

Nilijua itasomwa vipi. Ningeweza kumwambia, Bosibori, hii ni nzuri lakini twende tuichape upya. Lakini angeuliza kwa nini. Angesema, si yako ilikuwa hivi? Na ningejibu nini? Basi nikaikunja pale pale ilipokuwa imekunjwa.

"Iko sawa," nikasema. "Iko sawa kabisa."

Aliporudi kutoka Kisii alitusimulia jikoni kwetu huku akicheka. "Wee! Mzee mmoja aliisoma kwa sauti, kila akifika kwa herufi kubwa anainua kichwa juu hivi, kama anapanda ngazi. Wenzake wakacheka mpaka wakatoa miwani. Akaniuliza, hii umeandikiwa na nani? Nikamwambia ni Mwalimu wetu. Akasema, mwambie asante kwa burudani." Mama alicheka. Bosibori alicheka. Niliwapakulia ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga, na kijiko kiligonga sufuria kuliko kawaida.

Hakuchaguliwa. Sijui kama ni barua. Nimelipima jambo hili kila upande: zile alama kidogo, idadi ya walioitwa, uchovu wa wale wazee siku hiyo. Huenda hata kwa barua yangu asingepita. Lakini huwezi kujificha ndani ya "huenda" wakati mwenzako aliamka asubuhi, akaenda kuchuma chai ya watu kwa kilo, na anaamka hivyo mpaka leo.

Mwaka jana nilimaliza chuo. Kazi sijapata. Nimerudi nyumbani, na watu hunilipa kidogo niwatengenezee wasifu wa kuombea kazi. Nawarekebishia herufi kubwa. Kila nikirekebisha moja naiona nyingine, ya Mwalimu.

Wiki iliyopita Bosibori alinikuta kwenye njia ya mtoni, kikapu cha chai mgongoni.

"Sasa dada! Nimepata pa kusomea unesi. Na kuna wafadhili wengine, si wale wa miwani. Wanataka barua. Jumapili asubuhi naenda kwa Mwalimu aniandikie."

"Kwa Mwalimu tena?"

"Sasa nitaenda kwa nani? Si yako ilikubeba? Yangu ilikosa bahati tu."

Akapanda kilima akiimba. Siku tatu zilizofuata niliandika ujumbe kwenye simu na kuufuta. Kwa Mwalimu. Kwa Bosibori. Kwa wote wawili pamoja. Jumapili niliamka kabla ya kuku, nikachukua bahasha ya plastiki, nikaenda ili nimtangulie.

Mwalimu alikuwa ameketi barazani akichambua chinsaga, majani upande mmoja na vijiti upande mwingine. Tulisalimiana.

"Bwakire buya, Mwalimu."

"Buya, Moraa. Umekuwa mwembamba. Nairobi hawapiki?"

"Nilirudi mwaka jana, Mwalimu."

"Najua. Nilikuwa nangoja unisalimie."

Akanisogezea kigoda na fungu la mboga. Nikachambua. Nilipanga kuanza na habari za mvua, nikaona nikianza na mvua sitafika. Nikatoa zile kurasa tatu na kuziweka juu ya meza yake ndogo.

Alizisoma zote, polepole, kama kwamba ni za mtu mwingine. Alipofika mwisho alichomoa kalamu nyekundu akaongeza nukta moja.

"Hapa nilisahau," akasema. "Kwa hivyo hawakuipata."

"Hawakuipata. Nilijiandikia nyingine, Mwalimu. Nikatia sahihi yako."

Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na mkebe wa biskuti. Chini ya risiti za chai kulikuwa na barua iliyochapwa. Wafadhili walikuwa wamemwandikia kumshukuru, mwaka ule ule. Walisema barua yake ilikuwa fupi na ya kueleweka.

"Fupi!" akasema Mwalimu. "Mimi, maisha yangu yote, nimewahi kuandika barua fupi?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. "Ulijua miaka hii yote?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ndiye uliyekuwa ukisoma aya. Mimi nilikuwa nangoja ufike."

Nikamweleza kwamba nilidhani amezeeka, amesahau. Hakukasirika. Akaendelea kutenganisha majani na vijiti.

"Sikusahau. Kule kuna mtu anasoma barua mia kwa siku, zote nyoofu, zote safi. Mtoto wangu atapita mbele yake kama mto wowote. Nikasema, nitasimamisha maneno, huyo mtu ashtuke, aulize huyu ni nani. Hata akicheka, acheke. Aliyecheka ameshasoma."

"Walimcheka Bosibori," nikasema.

"Nilisikia."

"Hukusikia yote." Nikamwambia lililobaki: kwamba Bosibori aliniletea barua yake kabla hajaenda, kwamba niliifungua, nikaisoma, nikajua.

Mikono yake ikaacha kazi.

"Alikuuliza kwa mdomo wake?"

"Ndio, Mwalimu."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba iko sawa kabisa."

Akageuka kutazama shambani. Chini kwenye shamba watu walikuwa wakichuma na kupigiana kelele kutoka mstari hadi mstari. Nilitamani anizungushie duara, aniite mbele, aniulize nimemnyima jina kwa sababu gani. Hakuuliza.

"Ile sahihi ulimwibia mtu mzima," hatimaye akasema. "Hiyo tungemalizana wewe na mimi. Lakini huyu mtoto alikuuliza." Kisha sauti ikashuka. "Na mimi pia. Nilikuwa na barua hii mkebeni. Nilijua iliyokupitisha haikuwa yangu, kwamba yangu haijawahi kumpitisha mtu. Hata hivyo nikamwandikia yake vile vile. Nilitaka moja ipite. Kiburi, Moraa. Nilikuwa nampigania Bosibori na nilikuwa najipigania mwenyewe, na sikumwambia ni nani anayetangulia."

Sikuwahi kumwona akiomba radhi kwa mtu. Sikuwa na pa kuyaweka macho yangu.

"Leo utamwandikia vipi?" nikauliza.

"Leo siandiki kitu mpaka ajue. Akishajua, yeye ndiye atachagua wa kumwandikia, na aandikiwe vipi. Akitaka aende kwa mtu mwingine kabisa, nitampa nauli."

"Anaweza kuacha kutusalimia."

"Anaweza."

Nilianza kumweleza kwamba pengine ningemwambia jioni, kwao, nikiwa nimejiandaa, kwamba mbele ya watu wawili angeona haya, kwamba pengine ingefaa nimwandikie kwanza. Nilikuwa na sababu saba. Nilikuwa kwenye ya tatu tuliposikia hodi.

Bosibori aliingia akiwa amevaa sketi ya kanisani na sweta ya shamba, mkononi amebeba pakiti ya sukari, maana kwetu mtu haendi kwa Mwalimu mikono mitupu.

"Bwakire buya, Mwalimu! Dada, na wewe uko hapa? Umekuja kuandikiwa ingine? Wacha watu wengine pia wabarikiwe!"

"Keti, Bosibori," Mwalimu akamwambia.

Akaketi ukingoni mwa baraza, sukari mapajani, akitutazama mmoja baada ya mwingine huku akitabasamu. Mwalimu akachomoa kalamu kutoka kwenye kilemba, akaiweka mezani juu ya kurasa zangu tatu, mbali na mkono wake. Halafu akanitazama, na nikajua hatanisaidia.

"Mwalimu, sijui kama nastahili," nikamnong'oneza.

"Herufi kubwa si zawadi ya tabia njema."

Nikasimama. Chinsaga yote iliyokuwa mapajani ikamwagika sakafuni, majani na vijiti vikachanganyika tena.

Bosibori akapasuka kwa kicheko, maana mchezo ule anaujua vizuri kuliko sisi sote.

"Wee dada! Umefika kwa jina la nani?"

"Langu," nikasema.

Akacheka tena, kidogo, akimtazama Mwalimu ili naye acheke. Mwalimu hakucheka.

"Ile barua uliyoniletea nyumbani," nikaanza. "Siku ile uliponiuliza kama iko sawa."

Bosibori akaiweka sukari chini.